Shomoro wa Tano

Ninyi mlioko Lodwar, ninyi mlioko Kakuma mjini na kambini, na ninyi mnaotusikiliza mkiwa na mifugo mbali na barabara, ejoka. Leo tunawaomba mfungue Injili ya Luka, sura ya 12, aya ya 6. Asiye na Biblia karibu na asikilize tu, maana habari yenyewe ni ya sokoni.

Bwana wetu anataja bei ya shomoro. Katika Mathayo sura ya 10, shomoro wawili ni senti moja. Katika Luka, watano ni senti mbili. Pigeni hesabu. Kwa senti mbili ulistahili wanne, basi yule wa tano hakulipiwa kitu. Ni nyongeza, kama mama muuza samaki anavyokutupia kimoja kidogo juu ya fungu ulilokwisha kununua. Tumshike huyo wa tano, tutamrudia.

Mwaka 2018 ilitoka sinema ya Marekani iitwayo Black Panther, habari za mfalme shujaa wa nchi ya kubuniwa ya Afrika. Wakenya tuliisikia sana kwa sababu binti yetu, Lupita Nyong'o, aliigiza ndani yake, na ilionyeshwa Kisumu mwezi wa Februari kwa shangwe. Vijana wa Kakuma ni watu wa sinema tangu zamani, kwa kuwa tangu 2001 wameonyeshwa filamu usiku kwenye kitambaa kikubwa, watu wameketi mchangani. Basi hiyo nayo ikawa gumzo.

Shujaa huyo hakuzaliwa katika sinema. Alitokea kwanza katika kitabu cha katuni kilichotolewa Marekani mwaka 1966, Fantastic Four namba 52, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Bei yake ilikuwa senti 12, na watoto walikinunua, wakakisoma, wakakitupa. Lakini iliposikika kwamba sinema inakuja, wanunuzi wakaanza kukitafuta kwa maelfu ya dola. Tena si hicho peke yake. Kitabu cha mwaka 1938 alimotokea Superman kwanza, kilichouzwa senti 10, nakala yake moja ilinunuliwa mnadani kwa dola milioni 6 mwaka 2024. Cha Spider-Man cha mwaka 1962 kilifika dola milioni 3.6 mwezi wa Septemba 2021, miezi michache tu kabla ya sinema yake mpya kutoka.

Sisi wa Lodwar tusiwacheke Wamarekani. Mwaka 1959 Mzee Kenyatta aliletwa hapa kutoka Lokitaung akakaa kizuizini. Nyumba aliyowekwa ilikuwa nyumba tu, tena ya joto. Alipokuwa Rais, ile nyumba ikawa jambo la kuonyeshwa wageni. Kuta ni zile zile.

Na kinachopandishwa na habari hushushwa na habari. Kuna mashujaa waitwao Eternals, walioanza katika kitabu cha mwaka 1976. Watu waligombania kitabu chao kabla ya sinema ya 2021. Sinema ilipotoka na kutopendwa sana, waliochelewa kuuza wakabaki wanakitazama.

Jambo lililotushangaza zaidi ni hili. Kitabu kikitakiwa kuuzwa ghali, hupelekwa kwa wakaguzi. Wao hukipa alama, kuanzia nusu hadi 10, kwa kutazama kila kunyanzi na kila doa, kisha hukifungia ndani ya plastiki ngumu. Ukiifungua, alama imepotea. Kwa hiyo kitabu kilichoandikwa ili mtoto asome, sasa hakisomeki na mtu yeyote. Hapa Kenya tulikuwa na njia nyingine: tangu 2010 katuni za Shujaaz ziligawiwa bure ndani ya gazeti, zikapita mkono hadi mkono mpaka zikachakaa. Sisi twaona zile zilizochakaa ndizo zilizofanya kazi.

Twasema hivi kwa aibu, wapendwa, kwa sababu sisi wenyewe tulikosea. Tulikuwa na sanduku la vitabu vya msaada katika chumba cha kusomea cha kanisa, na ndani yake katuni kadhaa. Jumamosi alikuja kijana mdogo kutoka kambini, akiwa na ndugu zake wawili, akawasomea kwa sauti huku akiwaonyesha picha. Mwaka ule wa 2018 mgeni mmoja alituambia kwamba vitabu vya namna ile vina bei kubwa ng'ambo. Tulikuwa na paa linalovuja. Tukachagua saba, tukavifunga katika karatasi ya nailoni, tukavifungia kabatini Lodwar. Kijana alipouliza, tulimjibu kwamba vimekwenda kutengenezwa. Huo ulikuwa uongo, na aliyeusema alikuwa amevaa ukosi wa kasisi.

Alikuja Jumamosi mbili zaidi, kisha hakuja tena.

Baada ya miaka miwili tulifungua kabati. Mchwa walikuwa wamekwisha kupita. Tulipomweleza mtu ajuaye biashara ile, alisema tusisikitike, kwa maana vilikuwa vimechapwa upya miaka ya karibuni na havikuwa na bei yoyote. Mtoto aliyevijua thamani yake tulimfukuza kwa ajili ya bei ambayo haikuwapo.

Tunamkumbuka hasa tangu mwaka 2025, chakula cha msaada kilipopungua na wakimbizi wa Kakuma wakapangwa katika makundi manne, kundi la mwisho lisipewe kitu. Hatuwalaumu waliopewa chakula kidogo wakigawe kwa wengi. Kazi hiyo hatungeitamani. Lakini tumeketi na mama aliyetuuliza, "Baba kasisi, hiyo namba yangu, Mungu naye anayo?" Tulinyamaza kidogo, maana mwenye njaa hajibiwi haraka haraka. Kisha tulimsomea habari ya yule shomoro wa tano, aliyetupwa juu ya fungu bila kulipiwa, na ambaye Bwana asema hakusahauliwa mbele za Mungu. Bwana hakusema kwamba siku moja shomoro atapanda bei. Alimhesabu akiwa na bei ile ile ya bure. Mama alisema tumsomee tena. Tulipomaliza tukaenda naye kutazama kilichokuwamo jikoni mwetu, kwa kuwa Yakobo, katika sura ya 2, hataturuhusu kuishia kwenye kusoma.

Katika vile vitabu saba, kimoja kilisalia. Mchwa wamekula pembe ya jalada tu, na kurasa zote zasomeka. Kijana wetu, sasa u mtu mzima. Labda uko Kalobeyei, labda umekwenda mbali zaidi. Kama unatusikia, au nduguyo mmoja anatusikia, tulikudanganya, na tunakuomba msamaha. Kitabu kiko juu ya meza katika chumba cha kusomea, hakikufungiwa. Watoto wanakisoma. Njoo Jumamosi.

Amani ya Bwana iwe nanyi nyote.