BANDA NA UZIO WA KUKU KWA FEDHA KIDOGO

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za sharika, Katubuka, Kigoma)



Nimeombwa nizungumze juu ya kujenga banda na uzio wa kuku kwa fedha kidogo. Naomba tuanze na maji, maana tuko Katubuka. Mnafahamu jinsi bwawa letu linavyofurika mvua zikizidi na kuingia majumbani mwa watu. Kabla ya kununua hata msumari mmoja, mwulizeni mwenye nyumba maji yalifika wapi mwaka ule mbaya kuliko yote. Sakafu ya banda ikae juu ya alama hiyo. Kama kiwanja chote kimo ndani ya alama, msijenge hapo. Ni afadhali kuku wafugwe kwa ndugu aliyeko mwinuko, kwa makubaliano ya kugawana vifaranga.

Kuku 20 wa kienyeji wanatosha katika banda la mita 2 kwa 2. Linyanyueni kwa nguzo, kimo cha kiuno. Sakafu iwe ya fito zilizoachiana nafasi ndogo ili kinyesi kidondoke chini na mama akizoe kwa ajili ya mchicha wake. Nguzo zipakwe oili chafu kuzuia mchwa, na kila moja ivikwe kipande cha debe ili panya asipande. Kuta ni fito na udongo, na juu paachwe nafasi ya hewa. Kwenye mlango msibane matumizi: nunueni bawaba mbili imara na kufuli. Mwizi wa kuku hana msimu.

Kwenye uzio ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu wanafikiria waya wa dukani. Jamani, sisi ni watu wa ziwa! Nyavu chakavu za dagaa zinapatikana kwenye mialo kama Kibirizi na Katonga, na wenyewe hawana kazi nazo tena. Zifungeni kwenye miti ya kawaida, zitandazwe na juu pia kwa sababu ya mwewe, na chini zikandamizwe kwa mawe. Epukeni nyavu za uzi mmoja wa plastiki, maana hunasa miguu ya kuku. Tena mjue kwamba wavu ni ulinzi wa mchana tu. Usiku kicheche ataukata, kwa hiyo jioni kuku wote waingie bandani. Jua nalo huuchosha, hivyo mtaubadilisha mara kwa mara.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua. Makisio mengi yanayofika mezani kwangu yana saruji, mabati mapya na kibao cha jina la mfadhili, lakini hayana chanjo. Kideri kikiingia, banda la saruji na banda la fito yote hubaki matupu ndani ya siku chache, na ugonjwa huo hauna tiba. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa Kibaha, huvumilia joto kuliko chanjo nyingine za kideri. Hutolewa tone moja jichoni kwa kuku mzima wa afya, kila baada ya miezi mitatu. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja, na kikishafunguliwa hakikai. Ndiyo maana nasisitiza jumuiya nzima ichanje siku moja, pamoja na majirani Waislamu na wengineo. Kideri hakiulizi dini.

Kwa wafadhili wetu watakaosoma haya: natambua kwamba jengo kubwa moja hupendeza katika picha. Lakini kumbukeni mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Mama anayeishi kwa kuuza dagaa alikaa miezi mitatu bila mzigo. Kuku waliomo uani mwake anaweza kuwauza siku hiyo hiyo mtoto anapodaiwa daftari. Waliomo katika jengo la usharika watasubiri kikao. Kwa hiyo mimi napendekeza mabanda madogo mengi, kila moja na mwenyewe.

Makisio ya robo mwaka ijayo yaandikwe hivyo, yakiwa na mstari wa chanjo ya mwaka mzima, yaani mara nne. Yasiyo na mstari huo nitayarudisha kwa mwenyekiti wa kamati.