Maneno Marefu ya Kiingereza na Herufi za Miji Yetu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Ilagala)



Bwana Katibu aliponiandikia kunitaka niseme neno mbele yenu, aliniachia hiari ya kuchagua jambo. Nami nimechagua mchezo. Najua wako watakaoona kuwa mchezo si jambo la kuwatoa watu wazima Kigoma na Ujiji na kuwaleta hapa Ilagala. Lakini mchezo wenyewe ni wa herufi, na herufi ndizo zitulishazo sisi na watoto wetu.

Mchezo ni huu. Twaa jina la mahali, kisha utafute neno la Kiingereza lenye herufi zake zote, bila kujali zimepangwaje. Herufi ikiwamo mara tatu katika jina, sharti iwemo mara tatu au zaidi katika neno. Neno refu kupita mengine ndilo lishindalo.

Kigoma si kazi ngumu. Wengi hukimbilia "smoking", wakaisahau A. Jibu ni "shoemaking", ushonaji wa viatu, herufi 10. "Bookmaking" nalo lafaa kwa herufi, ijapokuwa siku hizi hutajwa zaidi kwa biashara ya kupokea fedha za kamari, basi tusilisifu mno. Ujiji ndio mji wenye inda, kwa kuwa Kiingereza hakina maneno mengi yenye J mbili. Hata hivyo neno lipo: "jiujitsu", mieleka ya Wajapani, ambalo Waingereza walilitwaa kama sisi tulivyotwaa "meza" kwa Wareno. Kamusi nyingine huligawa kwa kistari. Mimi nalikubali, na asiyekubali na alete jingine.

Sasa Ilagala yetu. Ina A tatu, L mbili, G moja na I moja. Usiku mmoja tulipokuwa tukichezea jina hili, kijana mmoja aliruka akisema, "Alligator!" Tukacheka kwa furaha, maana tulidhani mto Malagarasi umetujibu wenyewe. Tulipohesabu tukaona A moja imepungua. Tena mnyama huyo hayuko katika Afrika nzima. Aliyemo mtoni mwetu ni mamba, naye Kiingereza chake ni kingine.

Ndipo nilipojifunza kutafuta kwa mkia badala ya kichwa. Kiingereza kina mikia mingi ipachikwayo mwishoni mwa maneno, na mmoja wake ni "-ically". Mkia huo peke yake watupa I, A, na L mbili. Zimesalia A mbili na G, na shina lenye hizo ni "analog". Unganisha, upate "analogically", maana yake kwa njia ya mfano, herufi 12. Aliyeshinda usiku ule alipata refu zaidi: "palaeographically", herufi 17, lihusulo elimu ya kusoma maandiko ya kale. Karani yeyote aliyewahi kufungua jalada lililoliwa na mchwa ajua elimu hiyo bila kufundishwa.

Njia hii ya mikia isiwe ngeni kwetu. Kiswahili nacho huunganisha. "Tusingaliwaandikishia" ni neno moja lenye herufi 21, wala hakuna mtoto wa shule alionaye la ajabu. Lakini hutalipata katika kamusi, hata ile kubwa iliyochapishwa mwaka 1939 chini ya jina la Frederick Johnson. Utaelekezwa kwenye "andika" na kuachwa ujitafutie. Waingereza huyaweka marefu yao katika kamusi kama vyombo vya kabatini. Mwaka 1935 mkuu wa chama kimoja cha wapenda mafumbo huko Marekani, Everett M. Smith, alitunga jina la ugonjwa wa mapafu utokanao na vumbi laini, lenye herufi 45, nalo likaingia kamusini. Sitalitaja, kwa kumhurumia ndugu atakayezikata stensili za jarida letu.

Lile nilipendalo mimi limo katika mchezo wa Shakespeare uitwao Love's Labour's Lost: "honorificabilitudinitatibus", herufi 27, asili yake Kilatini. Litazameni vema. Konsonanti moja, vokali moja, tangu mwanzo hata mwisho, kama Kigoma, kama Ujiji, kama Malagarasi. Mtoto wa Ilagala hulisoma bila kujikwaa, na Mwingereza hukwama katikati.

Nimecheka nanyi, sasa niseme lililonifanya nichague jambo hili. Tangu mwaka 1922, Martin Kayamba na wenziwe walipoanzisha Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali, na hata kabla yake, fahari ya karani ilikuwa Kiingereza chake. Nami nalikuwa na fahari hiyo. Nalipokuwa kijana, katika ofisi nisiyoitaja, mzee mmoja wa kandokando ya mto alikuja kusema hataki kuhama kiwanjani kwake. Nikamwandikia barua. Neno lililohitajika lilikuwa "unwilling", herufi 9, yaani asiyetaka. Nikaliona fupi, halina haiba. Nikaandika kwamba mzee ni "disinterested" katika kiwanja kile, herufi 13, nikaisoma barua mara mbili kwa kujipendeza.

Ndugu zangu, "interest" katika mambo ya ardhi ni haki. Aliyeipokea barua alisoma kwamba mzee hana haki yoyote hapo, akamwandika katika orodha ya wasiodai. Ilichukua miezi 14 kuliondoa jina lake humo, na kila safari mzee alikuja kwa miguu. Hakunitukana. Siku moja tu aliniuliza, "Mwanangu, ni wewe uliyeandika, au ni karatasi iliyojiandikia?" Nikamwambia ni mimi. Nikampa kiti, nikamsomea barua mpya kwa Kiswahili, neno kwa neno, kabla ya kuitia sahihi; na tangu siku ile sijatoa barua ya mtu mwingine bila kufanya hivyo kwanza.

Maneno marefu nayaweka kwa jioni, kama hivi. Na kwa jioni ya mkutano ujao nawaachia jina la mto wenyewe. Malagarasi ina A nne, kisha M, L, G, R, S na I. "Palaeographical" limezibeba zote isipokuwa M na S. Nimelitafuta lililo kamili kwa muda mrefu na sijalipata. Atakayelipata na amletee Bwana Katibu.