Leteni Jiwe, Musa Aketi
(Jumapili ya 29, Mwaka C)



Somo la kwanza la leo, kutoka Kitabu cha Kutoka, latupeleka Refidimu, ambako Israeli walipigana na Waamaleki. Musa yuko kilimani, ameinua mikono. Ikiwa juu, Israeli wanashinda, ikishuka, wanashindwa. Basi mikono ya Musa ikawa mizito. Maandiko hayaoni haya kulitaja jambo hilo: rafiki wa Mungu alichoka.

Somo hili lanikumbusha mama mmoja niliyemtembelea hospitalini. Mwanawe alizaliwa na selimundu, akaja kupandikizwa uloto, yaani ute ulio ndani ya mifupa unaozalisha damu. Zamani tiba hii iliwalazimu Watanzania kuifuata nje ya nchi. Tangu mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeanza kuwapa watoto wenye ugonjwa huo. Tumshukuru Mungu kwa hilo.

Lakini wengi hatujui tiba hiyo yadai nini nyumbani mwa mtu. Kwa kawaida hutafutwa kwanza ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ambaye uloto wake unapatana na wa mgonjwa, na kila ndugu ana nafasi moja tu kati ya nne. Kisha mgonjwa hupewa dawa kali za kuuangamiza uloto wake mwenyewe, ndipo hutiwa ule wa nduguye kwa njia ya mshipa, kama mtu anayeongezewa damu. Kwa majuma kadhaa hana kinga. Kikohozi cha mgeni chaweza kumwua. Hata akiruhusiwa kutoka, huangaliwa kwa miezi mingi. Na aliye naye usiku na mchana, akihesabu vidonge, akiogopa kila joto la mwili, akinawa mikono hata ngozi ikapasuka, mara nyingi ni mama yake. Mama huyu alikuwa na watoto wawili humo: mgonjwa, na mdogo wake wa miaka tisa aliyetoa uloto.

Nilimkuta barazani, maana chumbani sikuruhusiwa kuingia. Aliyoniambia hayakuwa ya kitubio, na ameniruhusu kuyasimulia. Alisema, “Baba Padre, jana usiku nilimchukia mwanangu. Nilitamani yaishe tu, vyovyote vile. Asubuhi nikamwosha uso.” Nami nikamjibu upesi, kama tulivyozoea, kwamba Mungu hampi mtu mzigo asiouweza. Akasema, “Asante, Padre,” akainuka, akaenda zake. Nilijua saa ileile kwamba nilikuwa nimemfungia mlango.

Haruni na Huri hawakumhubiria Musa. Hawakumwambia ajikaze, wala hawakumuuliza imani yake imekwenda wapi. Kwanza walileta jiwe, akaketi. Kisha wakaishika mikono yake, huyu upande huu na yule upande ule, mpaka jua likachwa. Wala hawakumfukuza kilimani ili wachukue nafasi yake.

Ndugu makatekista, mkisikia maneno kama ya mama yule, msiyahesabu kuwa ni chuki wala upungufu wa imani. Ni mikono iliyolemewa. Aliyekesha siku arobaini husema mambo ambayo moyo wake hauyataki. Tena desturi yetu ya kwenda kundi zima kumwona mgonjwa, na vyungu vya chakula, hapa haifai, hata yaweza kudhuru. Jiwe lipelekwe kwingine: shambani, kwa watoto waliobaki, kwa baba anayepika peke yake na kuona haya kuomba msaada. Na atafutwe ndugu mmoja mwenye afya, ambaye waganga watamkubali, ampokee mama zamu hata kwa usiku mmoja.

Mimi nilirudi baada ya majuma mawili, safari hii bila neno la kufundisha. Nilichukua barua ya Jumuiya yake: wamempalilia mahindi, na dada yake yuko tayari kuja. Aliisoma mara mbili. Kisha akauliza kama wamepalilia na ule upande wa mtoni. Nikamwambia ndiyo. Akaketi, akalia kwa muda mrefu, nami nikakaa kando yake, kimya.