Ng'ombe wa Mama, Pipa la Urea na Shahada Ambayo Hatujaidai

Hii ni mada niliyoitoa kwa vijana wa chama hapa Moshi. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Matani mawili matatu nimeyaacha hukohuko ukumbini.

 

Nilipoambiwa nizungumze, mratibu alidhani nitakuja na Katiba Mpya au Tume Huru. Hayo yana wasemaji wazuri kuliko mimi. Mimi nimekuja kuongelea chakula cha ng'ombe. Naona mnacheka. Chekeni tu, lakini kila aliyekulia kihambani hapa anajua ada ya shule ilitoka wapi kahawa ilipoanguka. Ilitoka kwenye chuchu nne za ng'ombe aliyefungwa nyuma ya nyumba.

Nianze na kosa langu. Nilikuwa mwaka wa pili wa diploma ya mifugo, nimekuja likizo nyumbani Uru. Mama alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, chotara, anaitwa Neema. Ilikuwa kiangazi, mabua yameshaletwa kutoka shamba la chini, yamerundikwa bandani. Chuoni tulikuwa na karatasi yenye maelekezo ya kuboresha mabua kwa urea: kilo 5 za urea kwa kilo 100 za mabua, unayeyusha kwenye maji, unanyunyizia, unafunika kwa nailoni hewa isipite, unasubiri wiki 3. Nikafanya yote. Nilinyunyizia vizuri, nikafunika vizuri. Maji ya urea yaliyobaki nikayaacha kwenye pipa, wazi, nikaenda kuoga.

Neema alikata kamba akanywa lile pipa.

Aliyewahi kuona ng'ombe anakufa kwa urea hasahau. Anatetemeka, anatoa povu, tumbo linajaa, anapumua kama amekimbizwa. Dawa ya haraka ni siki nyingi, na sisi tulikuwa na kichupa cha kachumbari. Hakufika jioni. Mama hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, "Kwa hiyo ndicho mnachofundishwa?"

Mwenye kosa ni mimi, pipa niliacha wazi mimi. Ila swali la mama limenisumbua mpaka leo na ndilo lililonipeleka kusoma shahada ya uzamili ya lishe ya mifugo. Karatasi ilinipa vipimo. Haikunipa sababu. Na aliyeiandika, naamini, hakuwahi kumfikiria mwanamke wa Uru anayepandisha maji kwa ndoo kutoka mferejini, ambaye ng'ombe, mbuzi na watoto wake wote wako ndani ya hatua 20 kutoka kwenye lile pipa.

Hebu niwaeleze kidogo tumboni mwa ng'ombe kuna nini, maana bila hapo hamtaelewa kwa nini nadai tunachodai.

Ng'ombe halishi mwili wake moja kwa moja. Analisha vijidudu. Tumbo lake la kwanza, rumeni, ni kama pipa kubwa la kuchachushia, na wanaofanya kazi humo ni bakteria na wenzao wasioonekana kwa macho. Mzee yeyote anayepika mbege atanielewa haraka kuliko profesa: ukikosea kimea, pombe haiumuki. Vijidudu hivyo vinataka naitrojeni. Malisho yakiwa na protini ghafi chini ya asilimia 7 hivi, vinadhoofika, nyuzi hazimeng'enywi, chakula kinakaa tumboni hakishuki. Mabua ya mahindi kwa kawaida hayafiki hapo, mengi yako kwenye 3 mpaka 5. Mgomba tunaoukatakata kila asubuhi sehemu kubwa sana ni maji. Kwa hiyo unaweza kuwa na ng'ombe aliyeshiba mpaka ubavu umetoka nje, na bado ana njaa. Mama anasema, "Huyu anakula sana ila hatoi maziwa." Anasema kweli kabisa.

Na huyohuyo ndiye anayepiga hewa ya methani nyingi kwa kila lita ya maziwa, kwa sababu anakula siku nzima na kutoa lita chache. Watu wa tabianchi wanatuhubiria tupunguze ng'ombe. Mama yangu ana ng'ombe mmoja. Apunguze abaki na nusu? Mlishe vizuri, atoe lita nyingi zaidi kwa majani yaleyale, hapo methani kwa kila lita inashuka. Huo ndio ufugaji endelevu ninaouelewa mimi.

Sasa tupande juu kidogo, kwenye msitu. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilitenga ukanda wa nusu maili ukingoni mwa msitu wa Kilimanjaro ili wananchi wapate kuni, mbao na majani. Mwaka 2005 msitu ukaingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa. Mzozo wa nani aingie kukata majani, siku gani, kwa ruhusa ya nani, mnaujua wote mnaotoka juu. Mimi sitaki msitu ufunguliwe kiholela, maji tunayokunywa hapa mjini yanatoka hukohuko. Lakini huwezi kumfungia mama msitu halafu usimpe jibu la ng'ombe wake atakula nini. Kihamba chenyewe kimegawanywa, babu aliwagawia watoto, watoto wakawagawia wajukuu, siku hizi pana mtu ana migomba 40 na kaburi. Majani ya tembo ataotesha wapi?

Kwa hiyo anashuka tambarare kila mwaka baada ya mavuno, au anakodi Fuso na majirani, kuleta mabua. Utaalamu wa kuyaboresha mabua hayo una miongo mingi, uko kwenye vitabu. Lakini nendeni Uru, Kibosho, Old Moshi, Rombo, mhesabu mabanda yanayoutumia. Mtarudi na vidole vya mkono mmoja.

Hapo ndipo ninapotofautiana na viongozi wanaosema tatizo ni "elimu haijamfikia mfugaji". Jamani, elimu gani? Mara nyingi hatuna jibu la kumfikishia. Majedwali tuliyotumia darasani kupima mahitaji ya ng'ombe yametokana na ng'ombe wa Marekani na Uingereza, wanaokula nyasi za kwao. Sisi tuna machicha ya mbege. Tuna machicha ya kiwanda cha bia hapahapa mjini. Tuna molasi ya TPC pale Arusha Chini, pumba za ngano kutoka West Kilimanjaro, mashudu ya alizeti kutoka Singida. Mabua ya mfugaji wa Marangu na ya mfugaji wa Machame hayafanani. Ukichanganya machicha ya mbege kilo ngapi na migomba kilo ngapi, rumeni inafanyaje? Swali hilo halijibiwi na mtu wa diploma. Nilikuwa mtu wa diploma, najua. Linajibiwa na mtu aliyekaa mwaka wa masomo na mwaka wa utafiti, akapima sampuli maabara, akalisha ng'ombe halisi, akakosea mbele ya msimamizi badala ya kukosea mbele ya mama yake.

Kipimo cha protini tunachotumia bado kina jina la Johan Kjeldahl, aliyekivumbua mwaka 1883 akiwa kwenye maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, Denmark. Walikuwa na shida yao ya shayiri, wakaajiri mtu wa kuifikiria. Sisi shida yetu ya migomba nani anaifikiria?

Wapo, msiniambie nadharau. Sokoine pale Morogoro, SUA, kimekuwa chuo kikuu tangu 1984, kimepewa jina la waziri mkuu aliyetoka kwenye jamii ya wafugaji, na wametoka watu wakubwa pale. Hapo jirani Arusha kuna Taasisi ya Nelson Mandela, inayofundisha uzamili na uzamivu. Ila angalieni fedha zimetoka wapi. Miaka mingi Norway imelipia utafiti SUA, ule mpango wa EPINAV peke yake ulianza 2010. Kituo cha chakula na lishe pale Nelson Mandela kilijengwa kwa mradi wa Benki ya Dunia. Nawashukuru. Nimekula kwenye meza za aina hiyo. Lakini mwenye fedha ndiye anayechagua swali, na mradi ukiisha ng'ombe wa majaribio wanauzwa, mashine inabaki na vumbi kwa kukosa kemikali. Mimi sampuli zangu zilikaa miezi kwenye jokofu la maabara moja, nisiyoitaja, kwa sababu asidi ilikuwa imekwisha. Nikaenda kuinunua mwenyewe. Mama akauza mbuzi.

Wakati huohuo Umoja wa Afrika ulikubaliana Maputo mwaka 2003 kwamba kila nchi itenge asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo, na mifugo imo humo. Malabo, mwaka 2014, wakarudia ahadi. Lengo la asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti nalo lina umri mkubwa kuliko wengi wenu humu ndani. Mbunge akisimama bungeni tunataka amuulize waziri hilo, kwa tarakimu, siyo kwa vijembe.

Tuseme haki pia, serikali imefanya kitu. Wameanzisha vituo atamizi, vijana wanafundishwa kunenepesha ng'ombe. Wapo wenzetu waliokwenda, tusiwabeze. Swali langu kwao ni moja: ile fomula ya chakula mnayochanganya, mashudu yakikosekana au bei ikipaa, nani anawatengenezea nyingine? Nchi ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Ukame wa 2021/22 hapo Simanjiro tu tuliona mizoga barabarani. Huwezi kuendesha kundi la namna hiyo kwa fomula ya kukariri.

Na kuna hili la sumukuvu, ambalo nitalipita haraka ingawa linanitisha kuliko yote. Mahindi yaliyoota ukungu hatuyatupi, tunampa ng'ombe, au tunayasaga kuwa pumba. Sumu ile haiishii kwa ng'ombe. Sehemu yake inapita kwenye maziwa, na kuchemsha hakuiondoi. Maziwa hayo anakunywa mtoto wa miaka 2. Sheria ya nyanda za malisho na vyakula vya mifugo tunayo tangu 2010, inasema chakula cha mifugo kikaguliwe. Mkaguzi bila maabara na bila mtaalamu wa lishe nyuma yake atakagua nini? Rangi ya mfuko?

Sasa niwageukie ninyi, na chama chetu. Tukiwa wakweli, tukigusa mifugo sisi tunagusa migogoro ya wakulima na wafugaji, tunagusa mifugo kukamatwa hifadhini, tunamaliza. Haki kabisa kuyasema. Ila hatujawahi kusimama jukwaani tukamwambia mama wa Kibosho tutamfanyia nini kuhusu chakula cha ng'ombe wake. Wakati kina mama wa Nronga, kule Machame, walianzisha ushirika wao wa maziwa mwaka 1988, hakuna aliyewasubirisha ilani. Walijua maziwa yakikusanywa pamoja yanapata bei.

Ninachotaka baraza letu lidai ni hivi. Ufadhili wa ndani, wa kodi zetu, kwa vijana wa uzamili na uzamivu wa lishe ya mifugo. Hata wakianza 20 kwa mwaka si haba. Mkopo wa elimu ya juu wengi tunaujua kama wa shahada ya kwanza, ukivuka hapo unaanza kutafuta mjomba. Kila anayefadhiliwa, utafiti wake ufanyike kwa wafugaji, kwenye wilaya, maswali yakitoka kwenye vikundi kama Nronga. Na akimaliza awe na kituo cha kazi halmashauri, siyo kwenda kuuza dawa za minyoo dukani. Moshi tuna chuo kikuu cha ushirika, tuna cha udaktari, tuna cha ualimu. Mtaalamu wa kumlisha ng'ombe anayesomesha watoto wanaoingia vyuo hivyo tunamfuata Morogoro. Wilaya ya Hai makao yake makuu yanaitwa Bomang'ombe, jamani!

Kuna kamanda aliniambia wakati wa chai, "Dada, ajenda hiyo haina kura." Nikamwuliza nyumbani kwao nani anakata majani. Akasema mama. Nikamwuliza mama anapiga kura? Akanyamaza, akaongeza sukari.

Mama yangu ana ng'ombe mwingine sasa, mtamba, atazaa mwezi ujao Mungu akipenda. Mabua tunayaboresha bado, kwa urea ileile. Pipa lina mfuniko na kufuli, ufunguo anao mama mwenyewe, mimi hanipi.

Nimemaliza, maswali. Wewe wa Rombo uliyenyoosha mkono tangu mwanzo, anza. Lile la kwa nini sigombei udiwani nimeshalijibu mara mbili leo, tafuteni jingine.