Daktari Aliyekataa Kunyamaza

Wasikilizaji, mtu aonaye damu katika mkojo wake hufikiri chakula alichokula jana. Ni nadra kukumbuka vumbi alilolivuta kiwandani miaka ishirini iliyopita. Ndiyo sababu chanzo cha saratani ya kibofu kilijificha siku nyingi.

Mwaka wa 1895 Ludwig Rehn, daktari mpasuaji wa mji wa Frankfurt, alieleza kwamba ugonjwa huo uliwapata watu waliotengeneza rangi. Lakini katika kazi hiyo mlitumika dawa nyingi. Ipi ndiyo yenye madhara? Aliyeleta ushahidi ni Wilhelm Hueper.

Hueper alizaliwa Ujerumani mwaka wa 1894, akahamia Marekani mwaka wa 1923. Kazi yake ilikuwa kuchunguza viungo vya wagonjwa na maiti kwa darubini, apate kujua asili ya maradhi. Mwaka wa 1934 aliajiriwa na kampuni ya DuPont, ambayo wafanyakazi wake wa rangi walikuwa wameanza kuugua. Akawapa mbwa dawa iitwayo beta-naftilamini kwa muda mrefu, nao wakapatwa na saratani ya kibofu.

Ushahidi huo haukumletea shukrani. Aliachishwa kazi mwaka wa 1937, na habari za mbwa wale zikachapishwa mwaka wa 1938. Hata hivyo hakunyamaza. Mwaka wa 1942 alitoa kitabu kikubwa juu ya saratani ziletwazo na kazi, na toka 1948 mpaka 1964 aliongoza uchunguzi wa saratani za mazingira katika National Cancer Institute. Mwaka wa 1967 sheria ya Uingereza ilipiga marufuku dawa ile. Hueper alifariki mwaka wa 1978.

Walakini hakuna mjuzi asiyekosea. Hueper aliwapinga waliosema kwamba sigara ndiyo sababu kubwa ya saratani ya mapafu. Leo yajulikana kwamba walisema kweli, tena kwamba moshi wa tumbaku unayo beta-naftilamini ile ile, na uvutaji wa sigara ni sababu kubwa ya saratani ya kibofu pia.

Basi damu katika mkojo, ingawa yadhaniwa kuwa ni ya kichocho, haifai kungojewa. Mgonjwa na amwendee daktari upesi, amweleze pia kazi alizozifanya zamani, maana huenda jawabu limo humo.