Mashine Bila Karatasi Haimsomeshi Mtoto Asiyeona

(Mazungumzo haya yalitolewa kwa wahitimu wa kisomo cha watu wazima katika kijiji kimoja cha Ufipa.)



Leo tuzungumze juu ya fedha za misaada kwa watoto wasioona. Zinatoka wapi? Zinafanya kazi gani? Na sisi wa huku Ufipa sehemu yetu ni ipi?

Ninyi mliojifunza kusoma ukubwani mnaijua shida ya kupata barua halafu kutafuta mtu wa kukusomea. Mtoto asiyeona naye anaweza kuondokana na shida hiyo. Yeye anasoma kwa vidole. Maandishi yake huitwa nukta nundu. Aliyeyatunga ni Mfaransa, Louis Braille, ambaye alipofuka akiwa mtoto mdogo. Herufi zote zinatokana na nukta 6 tu.

Misaada inatoka wapi?

Katika nchi yetu kazi hii ilianzwa na makanisa. Kanisa la Anglikana lilianzisha shule ya wasioona Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Kanisa la Kilutheri lilianzisha ya Irente, Lushoto, mwaka 1963. Hapa kwetu, Shule ya Msingi Malangali mjini Sumbawanga imepokea watoto wasioona.

Yako pia mashirika ya nje. Mwaka 1950 Mwingereza John Wilson, ambaye mwenyewe alipofuka akiwa na miaka 12, alianzisha shirika ambalo leo linaitwa Sightsavers. Wajerumani wana CBM, lililoanza mwaka 1908. Yote mawili yamefanya kazi Tanzania. Msidhani fedha zao zote zinatoka kwa matajiri. Wako watu wa kawaida wanaotoa kidogo kidogo kila mwezi. Basi kama wao wanaweza, na sisi tujiulize.

Msaada unaishia wapi?

Mashine ya kuandikia nukta nundu ni ya chuma na ni ghali. Mkulima wa mahindi na maharage haiwezi peke yake. Hapo msaada unafaa sana. Lakini mashine inataka karatasi nene. Ukitia karatasi ya daftari, nukta zinalala upesi na mtoto hasomi kitu. Ikikwama inataka fundi. Mashine isiyo na karatasi wala fundi inakaa kabatini, na mtoto anakaa bure.

Ada imefutwa katika shule za msingi na sekondari za serikali. Hata hivyo mtoto anahitaji sabuni, nauli ya likizo na blanketi, maana baridi ya Ufipa mnaijua. Mtoto mwenye ualbino, ambaye mara nyingi haoni mbali, anahitaji kofia pana na mafuta ya kumkinga na jua. Mfadhili anatoa leo akaondoka. Mahitaji haya hayaondoki.

Tufanye nini?

Kwanza, tuwatoe watoto ndani. Wazee wanasema maana ya jina Sumbawanga ni "tupa uchawi". Basi tuutupe kweli! Upofu wa mtoto hauletwi na mchawi. Surua inaweza kupofusha. Upungufu wa vitamini A pia. Ukiona weupe katika mboni ya jicho la mtoto, mpeleke hospitali upesi, kwa sababu kuchelewa kunaharibu. Na mtoto aliyefichwa hahesabiwi. Asipohesabiwa, nani atampangia fedha?

Pili, tuwe na mfuko wetu. Tuseme kijiji kina kaya 100. Kila kaya ikitoa kilo 2 za mahindi baada ya mavuno, tunapata kilo 200. Hayo ni magunia mawili. Kabla ya kuyauza tumwulize mwalimu: mtoto anapungukiwa nini? Tusinunue kwa kubahatisha.

Tatu, tuweke hesabu. Fedha zetu na za wafadhili ziandikwe katika daftari: zilizoingia upande huu, zilizotoka upande huu, pamoja na stakabadhi. Zisomwe katika mkutano mkuu wa kijiji. Zamani mtu aliweza kutusomea anachotaka. Sasa tunasoma wenyewe. Ukiona shilingi hazilingani, simama uulize. Huko siyo kumtukana mtu. Ni kulinda mali ya mtoto.

Ndugu zangu, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Tupokee msaada na tushukuru, lakini karatasi na blanketi za watoto wetu zisingoje meli kutoka Ulaya.



Maswali ya kujadili

1. Kijijini kwetu kuna watoto wangapi wasioona au wenye uoni hafifu? Wangapi wanasoma?
2. Nani atunze daftari la mfuko, na nani alikague?