Furaha ya Pikipiki Kuukuu
Maneno yaliyonenwa mbele ya walimu na watu wa mitaa katika siku za Yubile



Tumepewa nafasi ya kunena maneno machache katika siku hizi. Wengine wamekwisha kunena habari za majengo, na za shule, na za watu waliotutangulia, wala hatuna la kuongeza juu ya hayo. Sisi tumechagua jambo dogo, na labda wengine watacheka wakilisikia: twataka kunena habari za furaha aipatayo mtu apandapo pikipiki ndogo ya zamani. Lakini tuvumilieni, kwa maana ndani ya jambo hili dogo limo neno litupasalo sote.

Sababu ya kulichagua ni hii. Sherehe zilipokuwa zikitengenezwa, walikuwako watu waliosema, "Zile pikipiki kuukuu za walimu zifichwe nyuma ya ghala, zisije zikatutia aibu mbele ya wageni." Hawakusema kwa ubaya, walitaka uwanja upendeze. Hata hivyo neno lile lilituchoma. Tena tumeona walimu vijana, watu wa akili na bidii, wakikopa fedha za kuwafunga miaka mingi ili wapate pikipiki kubwa mpya, na ile waliyo nayo bado yaenda vema kila siku. Wahenga waliijua tabia hii, wakasema: Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Basi na tuulize: je, kitu kikuukuu hakina utamu wake?

Kwanza tukumbuke jinsi chombo hiki kilivyoanza. Mwaka 1885, katika nchi ya Ujerumani, Gottlieb Daimler na mwenzake Wilhelm Maybach walitia mota ndogo katika kiunzi cha mti chenye magurudumu ya mti, pamoja na vigurudumu viwili vidogo vya kando ili kisianguke. Nguvu za mota ile zilikuwa nusu tu ya nguvu za farasi mmoja. Daimler hakuwa akitafuta pikipiki. Alitaka kuijaribu mota yake. Mwezi wa Novemba mwaka ule mwanawe Paul alikipanda chombo kile kutoka Cannstatt kwenda Untertürkheim, na husimuliwa kwamba njiani kiti kilishika moto, kwa kuwa mota iliwekwa papo hapo chini yake. Basi hata mpanda pikipiki wa kwanza alikuwa na habari za kusimulia alipofika.

Tena mwaka 1946, vita ilipokwisha, watu wa Japani walikuwa na shida kubwa ya kusafiri. Katika mji wa Hamamatsu, Soichiro Honda alipata vimota vidogo vilivyobaki, vilivyotumiwa na jeshi kwa mitambo ya simu za upepo. Akavifunga katika baiskeli za kawaida, na mkewe Sachi alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kujaribu baiskeli hizo barabarani. Mwaka 1948 akaanzisha kampuni yake. Angalieni, ndugu: chombo hiki hakikuzaliwa kwa ajili ya fahari. Kilizaliwa kwa ajili ya mtu mwenye safari asiye na nguvu wala fedha nyingi.

Sasa tuje kwa pikipiki tuijuayo zaidi, ile iitwayo Honda CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976. Watengenezaji wake walikuwa wameona kwamba katika nchi nyingi pikipiki haitunzwi kama kitabu chake kiagizavyo. Oili haibadilishwi kwa wakati, vumbi ni jingi, mzigo hupita kiasi, na fundi yuko mbali. Hawakutosheka kuwalaumu watu. Walitengeneza mota iwezayo kuvumilia. Katika pikipiki nyingine za kampuni ile, valvu zilizo juu ya mota ziliendeshwa kwa mnyororo mdogo wa ndani. Katika hii walitia vijiti vya chuma vya kuzisukuma kutoka chini, kazi iliyo rahisi zaidi kwa fundi wa kijijini. Mnyororo wa nje nao wakaufunika wote kwa bati, mchanga usiule. Ujazo wa mota ile ni sentimeta 124 za mchemraba, na nguvu zake ni kama za farasi 11. Uzito wa pikipiki nzima ni kama kilo 100, hata mtu mmoja aweza kuiinua ikiangukia matopeni. Mtu azoeaye pikipiki za mashindano hataona cha kusifu. Lakini sisi twaona.

Twaona nini? Tuanze asubuhi. Mwenye pikipiki ya namna hii haondoki kwa kubonyeza kitufe. Hufungua bomba la petroli, huvuta hewa kama kuna baridi, hupiga kiki mara moja, mara mbili, na kwa kawaida mara ya tatu mota huitika. Mlio wake ndio ulioipa jina: piki, piki, piki. Ndani ya mlio ule zimo kazi nne zifuatanazo. Pistoni hushuka na kuvuta hewa na petroli. Hupanda na kuishindilia. Cheche huwasha moto unaoisukuma chini. Kisha hupanda tena na kuutoa moshi. Katika mota kubwa iendayo mbio kazi hizo huchanganyika sikioni zikawa ngurumo moja. Katika mota ndogo inayozunguka polepole, sikio karibu litazihesabu. Mwenye kuizoea huijua hali yake kwa kuisikiliza, kama mfugaji ajuavyo ng'ombe wake kwa sauti, hata gizani.

Kisha njia. Wengi wenu mwaijua ile barabara itokayo Mombo kupanda Soni na kufika Lushoto, yenye urefu wa kilometa 30 na zaidi kidogo. Chini pale Mombo kuna joto na vumbi la tambarare. Barabara huanza kuzunguka ubavuni mwa mlima, ukuta wa mawe upande huu na bonde upande huu. Mwenye motokaa hufunga vioo akafika juu, asijue mahali joto lilipokwishia. Mwenye pikipiki ndogo hujua. Iko kona moja ambapo hewa hubadilika ghafula, ubaridi ukaingia katika mikono ya shati, na harufu ya mikaratusi na udongo wenye maji ikamfikia. Kabla ya kufika Soni husikia maji. Mota haiwezi kukimbia katika mteremko ule mkali wa kupanda. Humwambia kwa sauti yake, "Shusha gia," naye hushusha, na kwa kuwa hawezi kwenda mbio hutazama. Huona mama aliyeweka mafungu ya matunda kando ya njia, naye humwamkia, na salamu yake huitikiwa kabla hajapita. Hilo, ndugu, si jambo dogo. Mwendo usiomzuia mtu kuamkiana na wenzake ni mwendo wa kibinadamu.

Tena iko furaha ya mwili. Katika kona mpandaji hazungushi usukani kwa nguvu; huinama kidogo, nayo pikipiki huinama pamoja naye, kama watu wawili wabebao mti mmoja wajuavyo kufuatana hatua bila kuambiana. Wakati wa kushuka hutia gia ya pili, akaiacha mota izuie mwendo, breki zisipate moto. Kila kiungo kina kazi: mkono wa kuume petroli na breki ya mbele, mkono wa kushoto klachi, mguu wa kuume breki ya nyuma, mguu wa kushoto gia. Mtu aliyeshughulika hivyo mwili mzima hana nafasi ya kuchukua masumbuko ya jana. Walimu wajua jambo hili. Aliyetoka shuleni amechoka kwa kelele na madaftari, akapanda pikipiki yake kwa nusu saa, hufika nyumbani akiwa mtu mwingine.

Na iko furaha ya tatu, ya kukijua kitu chote. Katika pikipiki ya zamani hakuna sanduku lililofungwa lisemalo, "Usifungue." Plagi hutolewa, husuguliwa, hurudishwa. Platini hutazamwa kama zimeungua. Kabureta hufunguliwa, tundu lake dogo likapulizwa kwa mdomo. Tairi likitoboka, mpira wa ndani hutiwa kiraka kando ya njia. Vipuri navyo hupatikana, kwa sababu mota ya namna ile iliigwa sana na viwanda vya China, hata vingi vyafaa katika ile ya zamani. Mwanafunzi aliyesimama karibu akashika spana hujifunza mengi juu ya moto, na hewa, na chuma, asiyoyapata ubaoni. Mtu awezaye kukitengeneza kitu chake ndiye aliye na kitu. Asiyeweza amekiazima tu kwa fundi.

Hapo mtu atatuambia, "Haya ni maneno ya kuupamba umaskini." La, sivyo. Mgonjwa akitaka kupelekwa hospitali usiku wa mvua, motokaa ni bora, nasi twaitamani iwepo katika kila mtaa. Aliye na watoto wanne haitaji pikipiki kuukuu, ahitaji gari. Wala hatusemi kwamba kila kitu cha zamani ni chema. Breki mbovu ni mbovu, hata kama ni za tangu zamani. Tusemayo ni haya: furaha yenyewe haiuzwi kwa kipimo cha ukubwa. Mtu akinunua mota yenye nguvu mara tatu hapati furaha mara tatu.

Sababu yake twaiona. Furaha ya mwendo mkali ina deni. Mwendo uliompendeza kijana jana, leo humchosha. Hutaka zaidi, na kesho zaidi tena, mpaka siku ile ambapo njia haina nafasi ya kutoa zaidi. Lakini furaha ya pikipiki ndogo haiongezi bei yake. Kona ile ya ubaridi iko pale pale, na salamu iko pale pale.

Neno hili la deni si la mchezo. Mnajua jinsi pikipiki za kuchukua abiria zilivyoenea. Jina la boda boda lilitoka katika mpaka wa Kenya na Uganda, pande za Busia, kwa watu wa baiskeli waliovusha abiria kutoka boda hata boda. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani juu ya pikipiki ndogo, zikazidi kuenea, na Tanzania nayo tuliziona zikijaa miaka ile ile. Vijana wengi wamepata riziki halali kwa kazi hiyo, nasi twawaheshimu. Lakini katika mitaa yetu hakuna hata mmoja ambao haujazika kijana wa pikipiki, au haujamwona mmoja akirudi kwa magongo. Na mara nyingi iliyomwua haikuwa pikipiki. Ilikuwa ile haja ya kuonekana yu mbele.

Kwa hiyo aibu iliyotaka kuzificha pikipiki za walimu nyuma ya ghala, na haraka inayowaua vijana, ni ndugu wa tumbo moja. Zote mbili husema kwamba mtu hupimwa kwa kile akipandacho. Twafurahi kwamba wazee wetu walikataa, na pikipiki zile zikawekwa mbele, chini ya mwembe, pamoja na vyombo vya wageni. Mgeni mmoja alisimama karibu nazo kwa muda mrefu, akiuliza hii ni ya mwaka gani na ile imekwenda wapi, wala hakuwa na dharau usoni.

Basi, ninyi mlio na pikipiki za namna hii, pokeeni mashauri machache. Badilisheni oili kwa wakati. Mota ile ni mvumilivu, lakini uvumilivu wake usiwe sababu ya kuionea. Kagueni breki na tairi kabla ya safari, si baada yake. Vaeni kofia ngumu, mfunge na ukanda wake, hata safari ikiwa ya kwenda dukani. Uchunguzi uliokusanya kazi za wataalamu wengi, uliotolewa mwaka 2008, ulionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa ajalini kwa asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Abiria naye ana kichwa; awe na kofia yake. Tena msipakie watu watatu juu ya chombo kilichofanywa kwa wawili.

Na shauri la mwisho ni hili. Mara nyingi tukiulizwa sababu ya kupanda pikipiki, hujibu kwa kutaja kazi: kupeleka mitihani, kuwafikia wagonjwa, kwenda sokoni. Majibu hayo ni ya kweli. Lakini msione haya kuongeza, "Tena twaipenda." Furaha isiyomdhuru mtu, isiyomtia mwenye nayo katika deni, imwachayo aamkie watu njiani, haihitaji kuombewa radhi. Mwenda pole hajikwai, na tena huona mengi.

Hayo ndiyo tuliyotaka kuyanena. Twawatakia wote safari njema za kurudi katika mitaa yenu, wenye magari na wenye miguu, na ninyi mtakaopiga kiki mara tatu.